Naomba ushauri: giza la huku limemnyamazisha mwanangu

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Tupo Umeå, kaskazini mwa Sweden, tumetoka Tanga mwezi wa tano. Mwanangu ana miaka 9. Huku Desemba jua linachomoza saa tatu na ushee asubuhi, na kabla ya saa nane mchana limeshazama. Mtoto anaenda shule kukiwa giza, anarudi giza.

Baridi yenyewe tumeizoea: nguo za sufu ndani, ovaroli juu. Tatizo ni moyo. Akifika anavua buti, anakaa palepale mlangoni na glavu moja mkononi, kimya. Huyu Tanga alikuwa anaanza kusimulia tangu getini! Sasa kila kitu ni "sijui". Usiku usingizi hauji, asubuhi haamki.

Vitamini D nampa, nesi alishauri. Wikiendi namtoa nje saa sita mchana, ananuna (na mimi nanuna kimoyomoyo). Tableti naizima saa moja usiku, hapo ni vita.

Mliolea watoto huku, mlifanyaje? Zile taa za mwanga mkali za asubuhi zinamfaa mtoto, au nianze kwa kuongea na mwalimu wake?