Re: Mtoto anaelewa Kiingereza lakini haongei

Ndugu zangu, habari za siku. Mwanangu ana miaka sita na tuna miezi kadhaa tangu tuhamie huku. Katuni za Kiingereza anazifuata vizuri, hata vichekesho anavipata, lakini mwalimu wake anasema akiulizwa kitu darasani hujibu kwa neno moja au hutikisa kichwa tu. Nimwongezee muda wa televisheni, au nitafute mtu wa kumfundisha?
Mama mgeni

---

Dada, karibu. Nafundisha Kiingereza watoto wanaotoka nchi nyingine, na kimya cha namna hiyo nakiona kila mara. Wengi hupitia kipindi cha kusikiliza kabla ya kuthubutu kusema, na kinaweza kuchukua miezi. Usimshinikize.

Muda wa televisheni usiongeze. Mwaka 2003 Patricia Kuhl, mtafiti wa jinsi watoto wanavyojifunza lugha, na wenzake walitoa utafiti juu ya watoto wa Kimarekani wa miezi tisa. Waliochezewa ana kwa ana na watu wanaozungumza Kichina walijifunza kutofautisha sauti za lugha ile. Wale waliowatazama wasemaji haohao kwenye skrini hawakujifunza. Mwanao ni mkubwa kuliko hao, na maneno mengi atayaokota kwenye katuni, lakini televisheni haiwezi kumsubiri ajibu. Hapo ndipo unapoingia wewe.

Chukua kipindi anachokipenda yeye, hata kama wewe kinakuchosha. Vifupi ndivyo bora: Peppa Pig huwa dakika tano hivi, Bluey kama saba, kwa hiyo mkimaliza bado ana hamu ya kuongea. Kurudia kilekile pia ni sawa kabisa. Blue's Clues, kipindi kinachowauliza watazamaji wake wadogo maswali, ilipoanza mwaka 1996 ilionyeshwa sehemu ileile siku tano mfululizo, na watoto walizidi kuitika kadiri walivyoizoea.

Mkishatazama, zima. Usimuulize kama amependa, maana atasema ndiyo na mazungumzo yameishia hapo. Muulize kwa nini Bluey alimnunia mdogo wake, au yeye angefanya nini. Halafu nyamaza. Hapa wazazi wengi hushindwa: mtoto akikawia kidogo tunamjibia. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alipochunguza madarasa ya Marekani aligundua kuwa walimu walisubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Walipofikisha tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliokuwa hawasemi wakaanza kuchangia. Mtoto anayetafuta maneno katika lugha ya pili anahitaji zaidi ya hizo.

Kuna jambo jingine ambalo mimi nalithamini kuliko yote. Mkitazama pamoja, mtoto anajua kwamba wewe umeona, kwa hiyo haoni sababu ya kukueleza. Mara nyingine mwache atazame wewe ukiwa na kazi zako, kisha umwombe akusimulie kwa sababu kweli hujui kilichotokea. Uliza unapopotea: nani huyo, alifikaje pale, ikawaje? Sasa ana habari ambayo wewe huna. Mtoto wa neno moja hufika sentensi tatu bila kujua kwamba anafanya mazoezi.

Akikosea, usimkatize. Akisema "She goed home," wewe jibu kwa furaha, "She went home? Why?" Amesikia sahihi na hadithi inaendelea. Na akikwama kabisa, mwache aisimulie kwanza kwa Kiswahili, kisha ajaribu tena kwa Kiingereza. Akishalipanga wazo, kinachobaki ni maneno.

Kama hata Kiswahili anakizungumza kwa shida kuliko wenzake wa umri wake, hilo ni suala jingine, mwone daktari. Na kama nyumbani anaongea bila taabu lakini shuleni miezi inapita hatamki hata neno, mweleze mwalimu mapema ili msaidiane.
Mwalimu

---

Asante sana mwalimu. Samahani dada kwa kudandia swali lako. Kiingereza changu mimi ni cha kubabaisha. Sitamwambukiza mtoto makosa? Pia nina binti wa miaka kumi na minne, katuni hataki hata kuzisikia.
Baba wa wanne

---

Kaka, matamshi na sarufi atavipata zaidi kwa wenzake na shuleni. Wewe unampa mtu wa kumsikiliza, na hilo halihitaji Kiingereza kizuri. Pale unapokwama uliza kwa Kiswahili, naye ajibu kwa Kiingereza. Wengi hufanya hivyo na mazungumzo yanakwenda.

Binti mwulize anatazama nini, usimchagulie. Mashindano ya kuimba na ya kupika ni mazuri sana kwa umri huo kwa sababu yanaleta ubishi. Mtetee mshiriki ambaye yeye hamtaki, akuonyeshe ulipokosea, na udai sababu. Kutoa hoja, kulinganisha na kupinga kwa adabu ndicho Kiingereza atakachodaiwa darasani, na hicho huchelewa. Jim Cummins, mtafiti wa watoto wanaosoma kwa lugha ya pili, alionyesha kwamba lugha ya maongezi ya kawaida huchukua kama miaka miwili, lakini ile ya masomo huchukua mitano au zaidi. Kwa hiyo hata ukimsikia anaongea na rafiki zake kama maji, endelea kubishana naye.
Mwalimu