Naomba ushauri: baba ana kisukari na hataki kuacha kufunga

Asalaam aleikum ndugu zangu, na wasio Waislamu nawasalimu pia.

Baba yangu ana miaka 67, anajichoma insulini asubuhi na jioni. Ramadhani iliyopita, kumi la kwanza, nilimkuta baada ya alasiri kajilaza kwenye mkeka barazani, kanzu imelowa jasho, vidole vinatetemeka hata tasbihi haishiki. Kipimo cha sukari kikasoma 2.8, imeshuka mno. Nikamletea maji ya sukari, akafumba mdomo. Mpaka mama alipolia ndipo akanywa, kisha akageukia ukutani na hakutusemesha hadi Isha.

Aya anaijua. Al-Baqara 184 anaisoma kwa moyo: mgonjwa ana ruhusa, na asiyeweza kabisa alishe maskini kwa kila siku. Nikimtajia fidia hiyo ya kulisha maskini ananiambia, "Mwanangu, nimefunga tangu utotoni. Nikiacha, nabaki na nini?"

Swali hilo linaniumiza. Naona kwake funga si njaa tu. Ni daku na mama, ni kukaa safu moja na wenzake msikitini, ni kujihisi bado mzima mbele ya Mola wake. Siwezi kumnyang'anya hayo, na sitaki kumzika.

Daktari kashasema, baba kaitikia tu kwa heshima. Mwezi mtukufu umekaribia. Waliopitia haya na wazazi wao: nimwombe imamu wake aje nyumbani, au atajiona nimemshitaki? Nianzeje?