Tupeane uzoefu: Mwanamke, peke yako, Réunion, bila gari

BiMkoba
Wadau, hamjambo. Kila nikiulizia habari za kupanda milima Réunion, kile kisiwa cha Ufaransa kwenye Bahari ya Hindi, jibu la kwanza huwa "kodi gari". Wakishajua mimi ni mwanamke na niko peke yangu wanaongeza la pili: "tafuta mwenzio". Leseni sina, mwenzangu wa milima hajazaliwa bado, na nimekwenda. Nataka tukusanye hapa uzoefu wa waliokwenda kwa basi na miguu, kina dada hasa, ili anayefuata asitishwe bure.

Msimamo wangu nautoa mapema: kwa kisiwa kile, gari ni kamba ya mbuzi. Ukiliegesha upande huu wa mlima, jioni lazima urudi upande huu huu. Na utamu wa Réunion uko kwenye kuvuka. Katikati ya kisiwa kuna mabonde matatu makubwa ya duara, yamezungukwa na kuta za miamba: Cilaos, Salazie na Mafate. Mafate haina barabara hata moja. Wakazi wake, watu mamia kadhaa, huingia na kutoka kwa miguu, na mizigo mizito inaletwa na helikopta. Mle ndani mwenye gari na asiye nalo wote sawa.

Mimi nilipanda basi la Cilaos kutokea Saint-Louis. Barabara ile inasifika kwa kona zake 400, na ziko kona ambazo basi haliwezi kuzikata kwa mara moja. Dereva anasogea mpaka pua ya basi inachungulia korongo, anarudi nyuma, anakata tena. Kwenye handaki moja jembamba alipiga honi, akasubiri kidogo, akaingia taratibu. Ukuta ulipita karibu na kioo changu kiasi kwamba niliona maji yakichuruzika kwenye nyufa za jiwe. Mama aliyekaa pembeni yangu muda wote huo alikuwa anasinzia.

Asubuhi yake nikashuka kwenye kituo cha njia ya Taïbit, nikapanda hadi mgongo wa mlima ulioko mita 2,081, nikateremka Marla, kijiji kilichomo Mafate. Kutoka hapo kijiji cha La Nouvelle, kisha nikatokea Col des Bœufs upande wa Salazie, nikashuka kutafuta basi la kwenda pwani, Saint-André. Mwenye gari angepaswa kurudi Cilaos kulifuata.

Wenye uzoefu karibuni. Mahubiri ya "mwanamke hafai kutembea peke yake" yapelekeni kwingine.

Nasra_K
Nasogeza kigoda. Mimi navaa hijabu, na hofu yangu haikuwa njia, ilikuwa malazi. Huko milimani unalala kwenye nyumba za wageni zinazoitwa gîte, na nyingi zina vyumba vya vitanda vya ghorofa, wanaume kwa wanawake. Nilipopiga simu kuweka nafasi nilisema wazi: niko peke yangu, naomba nilazwe na wanawake au na familia. Niliwekwa chumba kimoja na mama na mabinti zake. Ukisubiri useme ukishafika jioni, vitanda vimeshagawanywa.

Chakula cha usiku kinaliwa meza moja, kama saa moja hivi: wali, dengu au maharage, kari, na rougail ya pilipili inayokuamsha hata kama umechoka vipi. Hapa kina dada Waislamu tegeni sikio. Nyama wanayoipenda sana huko ni soseji na nyama ya kukaushwa kwa moshi, boucané, na kwa kawaida ni ya nguruwe. Semeni siku ya kuweka nafasi, msisubiri mezani, kwa sababu mle bondeni maduka ni machache na madogo. Mimi nilikuta sufuria ndogo ya kuku pembeni, na hakuna aliyenishangaa. Waislamu wapo kisiwani siku nyingi. Msikiti wa Noor-e-Islam pale Saint-Denis ulifunguliwa mwaka 1905. Baada ya kula huzungushwa chupa ya ramu iliyolowekwa matunda na viungo. Ukisema hapana inapita kwa jirani, basi.

Mafate umeme ni wa jua, kwa hiyo ogeni mapema maji ya moto yakiwepo. Na pesa taslimu bebeni kutoka pwani, mle ndani mashine ya kutolea haipo.

KiatuKigumu
BiMkoba nakuunga mkono, ingawa kwa Cilaos ungeongeza Piton des Neiges. Mita 3,070, hakuna kilele kirefu kuliko hicho Bahari ya Hindi nzima. Ni volkano iliyokwisha kulala zamani.

Nilitoka Cilaos kijijini kwa miguu hadi Le Bloc, njia inapoanzia, halafu ni ngazi za mawe na magogo zaidi ya mita 1,000 za kupanda hadi gîte ya Caverne Dufour, mita 2,478. Nafasi pale hujaa mapema sana, wekeni kabla hata ya kukata tiketi ya ndege. Unalala kidogo, na kama saa tisa usiku watu wanaanza kufunga viatu.

Nilichokuwa nakiogopa ni ile saa ya giza. Mwanamke, peke yangu, usiku, mlimani. Nilipotoka nje nikaona mstari wa taa za vichwani umeshaanza kupanda, wengine juu wengine chini, kama watu wote wa gîte wameamua kwenda kazini. Peke yangu nilikuwa kwa jina tu. Kuna bibi mmoja wa makamo alikuwa anapumzika kila baada ya mwendo mfupi, na kila nikimfikia ananisogezea nafasi kwenye jiwe bila kusema neno. Mimi Kifaransa changu ni cha kuombea maji, yeye Kiingereza hana. Tulifika pamoja.

Baridi sasa. Ilikuwa Julai, na mawe yalikuwa na utando mwembamba wa barafu. Nilivaa soksi mikononi juu ya glavu. Watu husikia "kisiwa cha Bahari ya Hindi" wakafungasha kanga na sandali. Juu kule vaeni kama mnaenda Ulaya mwezi wa kwanza.

Sikurudi Cilaos. Niliteremkia Hell-Bourg kupitia Cap Anglais, njia ya tope na mizizi ambayo magoti yangu hayajaisamehe. Lakini jioni nilikuwa bonde jingine kabisa, Salazie, nasubiri basi.

La kike: nilipanda nikiwa kwenye siku zangu. Njiani hakuna pipa la taka, kila kitu unashuka nacho. Mfuko wa zipu mara mbili, ndani weka majani ya chai makavu kidogo kwa ajili ya harufu.

Tatu_wa_Tatu
Na volkano inayowaka je, Piton de la Fournaise? Nasikia basi halifiki.

BiMkoba
Halifiki, shoga. Basi linakuacha Bourg-Murat, na kutoka hapo hadi Pas de Bellecombe, inapoanzia njia ya volkano, ni zaidi ya kilomita 20. Hapo kwa kweli asiye na gari anaumia. Ama ulipie ziara ya kundi, au utembee ulale gîte iliyo karibu na volkano, au uombe lifti.

Salma_Mabonde
Lifti mimi hapana. Najua Réunion watu wananyoosha dole gumba barabarani na wanabebwa, hata wazee. Lakini kuingia gari la mtu nisiyemjua, barabara ya juu haina mtandao wa uhakika, ukungu umeshuka? Siwezi, na sitamshauri binti yeyote. Nililipia ziara. Ghali, ndiyo.

KiatuKigumu
Salma kila mtu na mpaka wake. Mimi lifti ya barabarani sipandi ila ya mezani napanda. Maana yake: unaomba usiku kwenye gîte au asubuhi wakati wa kifungua kinywa, kwa watu mliokula nao, hasa familia au wanawake. Unajua majina, mwenye nyumba anajua umeondoka na nani. Hata Col des Bœufs, ambako wenye magari wanaegesha kabla ya kuingia Mafate, nilishuka na wanandoa niliokutana nao Marla.

Salma_Mabonde
Hiyo nakubali.

Mzee_wa_Ramani
Naomba kuingia ingawa mimi si dada. Sitahubiri. Angalieni kwanza kama njia imefunguliwa. Mvua na vimbunga vinabomoa njia huko, na baada ya kimbunga Garance cha tarehe 28 Februari 2025 nyingi zilifungwa. ONF, wale wa misitu, wanatoa orodha ya njia zilizofungwa mtandaoni. Vimbunga huja zaidi Desemba hadi Machi. Kwa kutembea bora Mei hadi Novemba. Na wahini kuanza, maana mara nyingi kufika saa nne asubuhi mawingu yameshapanda na huoni kitu.

Njia ndefu, GR R1, R2 na R3, zina alama nyekundu na nyeupe. Kwenye volkano ni madoa meupe juu ya mawe ya lava. Ukungu ukikushika hapo usiondoke kwenye doa ulilopo hadi uone linalofuata. Dharura ni 112, na waokoaji wa mlimani wanakuja na helikopta.

BiMkoba
Asante kaka, hayo ndiyo tunayoyataka.

Zai_Safarini
Wote mnaongelea milimani. Mimi niliyopata yalikuwa stendi, mji mmoja wa pwani. Jamaa alinifuata, akakaa benchi moja na mimi, anauliza nalala wapi, nimeolewa, nasubiri nani. Nilimjibu kwa Kiswahili tu, sentensi ndefu ndefu, sura ya mama mkwe. Hakuacha. Nikahamia kwa kina mama waliokuwa na vikapu vya mboga, nikawaamkia, nikakaa katikati yao. Mmoja alimtazama tu yule jamaa, akaondoka mwenyewe. Mlimani hakuna aliyenisumbua hata siku moja. Watu wamechoka, wanawaza magoti yao. Hata nyoka wa kuogopwa hakuna. Ningekuwa na binti ningemwambia ahofie stendi jioni na ukungu, kwa mpangilio huo.

Ndiyo maana mimi hupanga nifike mjini mchana. Mabasi ya jioni yanaisha mapema, na Jumapili ni machache mno. Usipange kutoka bondeni Jumapili ukitegemea basi la mwisho huku una ndege usiku.

Mengine madogo: mabasi ya manjano ya Car Jaune yanazunguka pwani, ya mabondeni ni mengine na ratiba zake mbali. Abiria wanaotaka kushuka mara nyingi hupiga makofi. Mara ya kwanza nilidhani kuna mtu ana sherehe.

Nasra_K
Zai umenikumbusha viza. Réunion ni Ufaransa na fedha ni yuro, lakini haimo ndani ya Schengen, lile eneo la viza moja ya Ulaya. Unapoomba, taja Réunion yenyewe.

Tatu_wa_Tatu
Nimeshakata tiketi, ni Juni. Nawaza kuingia Mafate kwa kutokea Dos d'Âne, kijiji kilicho nje ya bonde, nilale Aurère mle ndani, halafu La Nouvelle, nitokee Cilaos kwa Taïbit. Yaani kuanzia La Nouvelle ni safari ya BiMkoba kinyumenyume. Mnaonaje?

KiatuKigumu
Nzuri, ila Aurère hadi La Nouvelle usiichukulie ya kitoto, ni kupanda na kushuka mabonde siku nzima. Kama gîte ya katikati ina nafasi, igawe.

BiMkoba
Juni jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, na ndani ya bonde kivuli kinaanza mapema zaidi. Panda basi la kwanza la Dos d'Âne. Ukiteremka Deux Bras, chini bondeni, kuna sehemu unavuka mto kwa miguu, kwa hiyo usiku wa kuamkia safari mpigie mwenye gîte umuulize maji yakoje. Mvua ikiwa imenyesha juu, ahirisha. Mwachie na muda unaotarajia kufika, ili usipotokea ajue wa kumpigia. Na ukirudi tuwekee hapa ratiba ya basi la Dos d'Âne, niliyonayo mimi imeshapitwa na wakati.