Naomba ushauri: vibandiko vya TENS (mashine ya kutuliza maumivu kwa umeme mdogo kupitia ngozi) havishiki kwenye joto la Malindi

Jamani, mashine ya maumivu ya kiuno iko sawa: hezi 100 (mapigo 100 kwa sekunde), kila pigo maikrosekunde 200, dakika 30, vibandiko vinne vya sentimita 5 kwa 5. Shida ni jasho. Pembe zinabanduka, umeme wote unapita pale padogo palipobaki, na ngozi inachomwa kama sindano. Ukiongeza nguvu hapo unaweza kuungua. Mgongo unaoshwa kwa sabuni na kukaushwa kabisa (mafuta ya nazi ndiyo adui mkubwa), jeli ya vibandiko iliyokauka inatiwa tone la maji, lakini wapi! Je, vile vya mpira wa kaboni, vya kupaka jeli na kubana kwa plasta, vitafaa zaidi huku pwani? Mgonjwa hana kifaa cha umeme moyoni wala mimba.