Mjadala: Liyongo apigiwe picha Dodoma, au tusimulie visasili vya huku huku bara?

Mleta mada: Wakuu, mpango wenyewe huu hapa, ukosoeni bila kuoneana haya. Utenzi wa Fumo Liyongo uwe tamthilia ya runinga, episodi 6 za dakika 45 kila moja, ishutiwe mkoani Dodoma kuanzia Juni. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja kwenye kioo, kwa hiyo tuna kurasa 270. Kwa kasi ya kurasa 5 kwa siku hizo ni siku 54, yaani wiki 9 za siku sita sita. Tunamaliza kabla pepo za Agosti hazijachachamaa, na mvua ya Desemba iko mbali.

Kwa asiyekijua kisa: Liyongo ni jitu la pwani ya kaskazini, shujaa na malenga. Mfalme wa Pate, kisiwa cha Lamu huko Kenya, anamwogopa. Wanatumwa watu wale naye makoma (matunda ya mkoma, mti wa jamii ya mnazi) kwa kikoa, kila mtu apande mti kwa zamu, ili zamu yake ikifika wamfume mishale akiwa juu. Yeye anayaangua makoma kwa mishale akiwa chini. Anafungwa gerezani, mama yake anampelekea tupa ndani ya mkate wa makapi, anakata pingu huku watu nje wakipiga ngoma ya gungu. Mwisho mwanawe anarubuniwa, anamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo anakufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na mji mzima unaogopa kwenda kuteka maji.

Mwalimu wa fasihi: Ndugu mleta mada, hesabu yako ya siku ni nzuri ila umeanzia katikati. Utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 una beti zipatazo 230. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane, jumla silabi 32. Ukighanwa polepole, silabi tatu kwa sekunde, ubeti unachukua kama sekunde 11. Utenzi wote basi ni kama dakika 41. Umeahidi dakika 270. Hizo nyingine 229 utazitoa wapi?

Najua zinakotoka kwa kawaida: vita ambavyo havimo, mchumba ambaye hayumo, mchawi wa kuongezea. Hapo ndipo kisasili kinapokufa. Kisa hiki kimebebwa na vifaa vinne tu, yaani mti, mkate, sindano na kisima, na kila kimoja ni mtego unaofyatuka mara moja. Ukiuvuta mtego mmoja kwa saa nzima, mtazamaji anaufumbua kabla ya Liyongo. Nashauri episodi 3. Ya kwanza iishie chini ya mkoma, ya pili pingu zikikatika, ya tatu kisimani.

Mdau wa Kondoa: Mimi napinga toka mzizi. Kwa nini tukae katikati ya nchi tukatengeneze Pate ya bandia? Michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006, eneo la kilomita za mraba 2,336, na ina watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu ambao hakuna msanii wa maleba angewabuni. Wasandawe wana ngoma ya simbo, mchezaji anaingia katika hali ya simba. Mtemi wa Kigogo ndiye aliyeshika mawe ya kuitia mvua. Hivyo ni visasili kamili, na mandhari yake ndiyo hii tunayoiona tukitoka nje.

Meneja wa uzalishaji: Mdau, nakuunga mkono kwa moyo, lakini vibali vitakuumiza. Kwanza kibali cha Bodi ya Filamu, chini ya Sheria Na. 4 ya 1976, kabla hujawasha kamera. Droni inahitaji Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Miamba ya Kolo, huko huko Kondoa, inahitaji mamlaka ya mambo ya kale. Juu ya hayo, Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda sanaa za jadi: ukizitumia kibiashara nje ya mazingira yake unapaswa kupata ridhaa ya Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Liyongo naye si bure kabisa. Kisa ni cha wote, ila chapa za kisasa zilizohaririwa na tafsiri zake zina wenyewe. Mwandishi afanye kazi na matini ya zamani, asinakili maelezo ya mhariri wa juzi.

Haki zisipowekwa sawa mwanzoni zinapinda hadithi nzima. Amazon walipotengeneza The Rings of Power, tamthilia itokanayo na vitabu vya Tolkien, iliyoanza kuonyeshwa Septemba 2022, haki walizokuwa nazo zilihusu The Lord of the Rings na viambatisho vyake, si kitabu chake kingine, The Silmarillion, ambamo visasili vyenyewe vimesimuliwa kwa kirefu. Wakalazimika kujaza mapengo kwa mambo yao, na kubana miaka zaidi ya 3,000 ndani ya maisha ya wahusika wale wale. Sehemu ya ugomvi wa mashabiki ilitokana na hapo.

Mdau, na jambo moja zaidi: Mungomi wa Kolo, mmoja wa miamba yenye michoro, bado ni mahali pa matambiko. Usipeleke taa wala moshi pale. Jenga mwamba wako: fremu ya mbao, waya wa kuku, gunia lililochovywa kwenye uji wa saruji, mapande ya mita 2.4 kwa 1.2 ili yaingie kwenye Fuso. Michoro ichorwe kwa ngeu nyekundu, na nyeupe iwe kwa ile ya baadaye tu, kama ilivyo kwenye miamba yenyewe.

Mpiga picha: Naacha ugomvi wa hadithi, nazungumzia ujitu, maana hapo ndipo tamthilia zetu huchekwa. Msimrefushe Liyongo kwa kompyuta. Tumieni umbali. Liyongo asimame mita 3 kutoka kwenye lenzi, wenzake mita 4.5. Wataonekana thuluthi mbili ya kimo chake. Kamera iwe chini usawa wa kifundo cha mguu, la sivyo nyayo zake zitaonekana chini ya zao na hila itafichuka. Kamera isisogee pembeni hata kidogo, kwa sababu aliye karibu atakimbia kwenye fremu haraka kuliko walio mbali. Na waigizaji wasitazamane kweli: kila mmoja apewe fimbo yenye alama ya kutazama.

Wote wawe kwenye fokasi. Kwa lenzi ya milimita 35 kwenye sensa kubwa, tundu f/8, fokasi mita 3.6, unapata ukali kuanzia kama mita 2 hadi 12. Ukifungua hadi f/2 umeshawapoteza wote wawili. Hapa Dodoma inatufaa sana: jua ni la kutosha na zaidi. Kwa ISO 800 na shata 1/50 utahitaji kichujio cha ND64 (kioo cheusi kinachopunguza mwanga mara 64) ili ubaki f/8.

Ila chagueni mwezi. Mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linasimama utosini kabisa na macho ya waigizaji yanageuka mashimo meusi. Juni linafika kama nyuzi 60 tu. Jioni usitegemee muda mrefu, tangu jua liwe nyuzi 10 hadi kuzama ni dakika 45 hivi, na Juni linazama karibu saa 12 na nusu.

Fundi sauti: Sini ya gerezani ni ya sauti kabla haijawa ya picha. Askari wasisikie tupa, mtazamaji aisikie. Rekodini gungu kwanza, mapigo 100 kwa dakika. Tukishuti fremu 25 kwa sekunde, pigo moja ni fremu 15 kamili, mhariri anakata bila kubahatisha. Tupa irekodiwe peke yake chumbani, chuma kwa chuma, ipandishwe juu ya mapigo wakati wa kuhariri. Na tafadhali msiweke zeze wala ilimba hapo. Navipenda vyombo vya Kigogo, ila gungu ni la pwani na kila anayelijua atashtuka.

Mwalimu wa fasihi: Umenena, fundi. Hilo hilo nalisema kuhusu mti. Nasikia pembeni kuna anayependekeza mbuyu badala ya mkoma kwa kuwa mibuyu tunayo. Haiwezekani. Mkoma una shina jembamba refu, anayepanda yuko wazi kwa kila mshale, ndiyo maana mtego unaeleweka. Mbuyu unamficha mtu nyuma ya shina lake.

Mleta mada: Nakubali episodi 3. Kurasa 135, siku 27. Siku 4 kati ya hizo twende pwani kwa ajili ya mkoma, majahazi na bahari. Nilifikiria bwawa la Mtera lisimame badala ya bahari, ila halina maji kujaa na kupwa. Watu waende kwa treni ya SGR, vifaa kwa lori.

Lakini kisima sikihamishi. Mji unaoogopa kuteka maji kwa sababu maiti imepiga goti pale, hilo mtu wa Bahi au Chamwino halihitaji kuelezwa. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua.

Mdau wa Kondoa: Hapo umenigusa. Basi kisima kiwe cha kuchimbwa kwenye mchanga wa korongo, kama vya kwetu, si cha mawe ya matumbawe.

Mwalimu wa fasihi: Hapana, Pate ni matumbawe. Ukikubali korongo, umekubali na mbuyu.

Mpiga picha: Vyovyote mtakavyoamua, nipeni siku nzima pale kisimani. Miguu ya tripodi nitaipigia vigingi ardhini, fremu moja isiyobadilika, nishuti asubuhi, mchana na jioni. Kivuli cha upinde kizunguke na Liyongo asitikisike. Anayecheza atumie mto mdogo chini ya goti, na apumzike kila dakika 10, kwa sababu mguu ukifa ganzi bega linashuka na fremu mbili hazitaungana.