Mrejesho: WeeWX na Home Assistant kwenye Raspberry Pi moja

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kama WeeWX, programu inayokusanya vipimo vya kituo changu cha hali ya hewa, na Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani, vinaweza kukaa kwenye Raspberry Pi 4 moja (kompyuta ndogo) bila kugombana. Vinakaa vizuri, asanteni sana.

Nilifuata ushauri wa kuweka Home Assistant kwenye kontena la Docker (sehemu iliyotengwa ya kuendeshea programu) na kuiacha WeeWX nje, moja kwa moja kwenye mfumo. Programu ya Mosquitto ndiyo inayopitisha vipimo kutoka WeeWX kwenda Home Assistant kwa MQTT, njia ya vifaa na programu kutumiana ujumbe. Ila aliyeniokoa hasa ni yule aliyesema niachane na /dev/ttyUSB0, jina lenye namba ambalo mfumo hukipa kifaa kilichochomekwa kwenye USB. Mashine ikiwaka upya, kituo na kifaa cha Zigbee (mawasiliano yasiyo na waya ya vifaa vya nyumbani) vilikuwa vinabadilishana namba, WeeWX ikabaki inasubiri data kwenye kifaa kisicho chake. Sasa kila kimoja nimekiandikia njia yake ya /dev/serial/by-id, inayofuata utambulisho wa kifaa chenyewe badala ya namba, na hata umeme ukikatika vinarudi vyenyewe.

Data nimehamishia kwenye SSD (diski ya kasi) pia, kurasa zinafunguka upesi.

Kilichogoma ni kumbukumbu za nyuma. MQTT inaleta vipimo vipya tu, kwa hiyo grafu za Home Assistant zimeanzia siku niliyounganisha. Mvua ya msimu uliopita bado naiangalia kwenye WeeWX. Aliyefanikiwa kuzihamisha naomba atuelekeze.