Mkwezi akianguka kwenye mnazi wako, usiniambie "huyo ni kibarua tu"

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Leo nimekuja na hasira na sitaificha. Mimi ni mkwezi wa minazi. Nilianza kukwea nikiwa na miaka 16 huko kwetu Mkuranga, marehemu baba akiwa chini ananielekeza. Sasa nina 35 na watoto watatu wanakula na kusoma kwa kazi hii hii. Anayetaka kuniambia "hizo kazi za kienyeji" naomba apite kimya kimya.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ameanguka mwezi uliopita ndani ya ua wa hoteli moja ya ufukweni, Kigamboni. Hoteli siitaji kwa sababu bado tunahangaika nao. Hotelini wakwezi hatuendi kuangua nazi za kuuza. Tunaitwa kusafisha minazi, yaani kutoa nazi zote, hata vidaka, na makuti makavu, ili kisianguke kitu juu ya kichwa cha mgeni. Wanajua kabisa kwamba kitu kikitoka juu kule kinaua. Wanajua!

Usiku ule mvua ilinyesha. Asubuhi dogo akamwambia msimamizi wa bustani, "Bro, gogo limelowa, tuache jua lipige kidogo." Akajibiwa kwamba saa nne wageni wanatoka kwenda kulala kwenye vile vitanda vya ufukweni, kwa hiyo kabla ya saa nne minazi sita iwe imekwisha, na kama yeye hawezi wapo wanaoweza. Akapanda. Mnazi wa tatu ndio uliomtupa.

Mtu asiyewahi kukwea anadhani hatari iko kwenye gogo. Kwenye gogo una kitanzi cha kamba miguuni, kifua umekigandamiza, mikono imekumbatia, unakwenda. Hatari iko pale shingoni, unapotoka kwenye gogo na kuingia kichwani mwa mnazi. Hapo lazima uachie. Juu yako yananing'inia makole yenye nazi kumi, kumi na tano kila moja, unapenyeza bega katikati yake, panga liko kiunoni, unatafuta kuti bichi la kushika. Ukikosea ukashika kuti lililoanza kukauka, linabanduka kwenye shina na kuja na wewe. Na kwa chini huoni vizuri lipi bichi lipi kavu, maana unaangalia juu na vumbi la makarara linakumwagikia machoni. Hapo sijataja maji moto, wale sisimizi wakali wanaoishi juu ya miti. Wenye mashamba wengi hawataki wauawe kwa kuwa wanafukuza yule mdudu anayefyonza nazi changa zikapukutika, na mimi nakubali, mnazi wenye maji moto unazaa. Lakini wakikuuma kwenye kope huna mkono wa kujipangusa. Unafumba macho, unauma meno, unaendelea.

Dogo alishika kuti baya kwa mkono uliolowa. Kwetu shambani angeangukia mchanga au majani. Pale wamezungushia kila mnazi mawe ili pawe pazuri.

Kilichofuata ndicho kinachoninyima usingizi. Walinzi wawili na mpishi mmoja, watu wema kabisa, siwalaumu, walimwinua kwa makwapa na magoti wakamkunja ndani ya bajaji. Mtu aliyeanguka mita zaidi ya kumi na tano! Kwenye matuta yote yale! Daktari wa kwanza kumwona aliuliza kabla ya kitu kingine, "Mmemleta na nini?" Tulipomwambia akainamisha kichwa. Jamani, naomba hili lishikeni hata kama mengine hamtayasoma: mtu akianguka kutoka juu usimkunje, usimkalishe, usimpe maji. Shikilia kichwa kisigeuke, tafuta ubao au hata mlango ung'olewe, alazwe amenyooka, ndipo abebwe na watu wanne. Ile hoteli ina mwokoaji wa bwawa la kuogelea siku nzima. Kwa mtu wanayempandisha mnazini, hakuna hata mmoja aliyefundishwa la kufanya.

Mfupa wa mgongo umevunjika. Miguu haisikii. Ana miaka 24, mkewe ana mimba ya miezi sita.

Nilipokwenda hotelini nikapokelewa na meneja, kwa adabu zote, soda mezani. Akaniambia, "Kaka, poleni sana, ila huyu si mfanyakazi wetu. Hana mkataba, ni kibarua wa kuitwa." Akanipa shilingi 150,000 na karatasi ya kusaini imeandikwa "msaada wa kibinadamu". Msaada! Dogo amekwenda pale siku tatu kila wiki kwa mwaka mmoja na nusu. Anaingia saa moja, anatoka akiruhusiwa. Panga alilokuwa nalo siku ile limepigwa rangi ya buluu mpinini, ni la stoo yao, nimelishika kwa mkono wangu na tone la utomvu bado liko juu yake. Kazi nyingine hana, wanamtegemea wao na yeye anawategemea wao. Sikusaini. Hela niliiacha mezani, na mama mdogo alinigombeza kwa hilo, na sijui kama nilikosea.

Ndipo nikaanza kuuliza. Kijana mmoja anayesoma sheria akanionyesha kwenye simu Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61. Kinaorodhesha vigezo: kama saa zako zinapangwa na mwingine, kama namna ya kufanya kazi unaelekezwa, kama unapewa vifaa, kama unamtegemea huyo mtu kiuchumi. Kikiwepo hata kimoja tu, unahesabiwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Dogo anavyo vinne! Halafu kuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 na Mfuko wake, ambao mwajiri anauchangia ili mtu akiumia kazini atibiwe na akilemaa alipwe. Mchango wenyewe kwa sekta binafsi ni nusu asilimia ya mishahara. Nusu! Kwa hiyo hili neno "kibarua" ni mlango wa nyuma. Umewekwa makusudi, ili mtu akianguka aonekane kaanguka mwenyewe, kwa hiari yake, kwenye mnazi usio na mwenyewe.

Na msiniambie "mbona hamvai mkanda". Mimi ninao. Niliununua mtumba, wa mafundi wa nguzo za umeme, nikaongeza kamba ya pili ili nikivuka kole niwe nimefungwa kwa moja kabla ya kufungua nyingine. Unasaidia sana. Lakini nikiuvaa nakwea minazi 12 kwa siku, bila mkanda nakwea 20. Tunalipwa kwa mnazi. Shambani elfu moja, hotelini elfu mbili. Piga hesabu mwenyewe uone ni nani anayetuvua mkanda. Anayelipa kwa mti ananunua haraka, na haraka ndiyo inayotuangusha. Lipa kwa siku, uone kama kuna mkwezi atakayekataa kujifunga.

Mnazi mrefu unapita mita 20, sawa na jengo la ghorofa sita. Weka mtu ghorofa ya sita apake rangi bila mkanda, wakaguzi wa OSHA, wale wa serikali wa usalama kazini, wakipita saiti inafungwa. Mtu huyo huyo akiwa mnazini, hakuna anayeinua hata macho.

Kwa bibi zetu wa Mkuranga wenye minazi saba nyuma ya nyumba sina ugomvi. Bibi wa hivyo anakulipa elfu yake na nazi mbili za mboga, anakaa chini anakuombea dua mpaka ushuke, ukiumwa anatuma uji. Hasira yangu ni kwa wenye uwezo: mahoteli, wenye mashamba makubwa, na hao makandarasi wanaookota vijana vijiweni Dar wakakate matawi yaliyogusana na nyaya za umeme, kijana kavaa kandambili.

Wenzetu India, jimbo la Kerala, walikuwa na shida ya wakwezi kupungua. Bodi yao ya nazi ikaanzisha mpango mwaka 2011: vijana wakafundishwa, wanawake pia, kukwea kwa kifaa cha chuma cha kukanyagia kwa miguu kinachobana gogo, wakapewa na bima ya ajali. Mnazi ni ule ule, nazi ni ile ile. Sisi huku tunaambiwa tusome dua kabla ya kupanda. Dua nasoma, wallahi nasoma kila mti, lakini dua haikatazi mtu kununua kamba.

Ninachotaka kwa hoteli ile ni waandike kwamba dogo aliumia akiwa kazini kwao, basi. Wasilete msaada. Waandike, sisi tutakwenda kwenye Mfuko wenyewe. Wakikataa tunakwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi.

Sasa nauliza wakuu, kuna mtu hapa aliyewahi kupeleka kesi ya kibarua aliyeumia, akashinda? Ushahidi gani ulihitajika? Tuna panga lao, tuna meseji za msimamizi kwenye simu ya dogo akimwita kazini tangu mwaka jana, na yule mpishi amesema yuko tayari kusema alichokiona ingawa anaogopa kufukuzwa. Jumatatu nakwenda tena pale. Nahitaji kujua niende na karatasi gani mkononi.